Paa wa Hamdani na Kompyuta ya Nyumbani

Wapo waungwana wa kalamu, na baadhi yao ni malenga wa kuheshimiwa, ambao kila yanapotajwa masomo ya fasihi ya watoto huinyooshea kompyuta kidole. Husema chombo hiki kimeingia majumbani kuwanyang'anya watoto bibi zao. Kwamba mtoto aliyekuwa akiitikia "pakawa" gizani sasa hukikodolea macho kioo wala haitikii lolote. Malalamiko hayo yana uchungu wa kweli ndani yake. Lakini waliyemshika siye mwizi.

Hadithi za Unguja zilisafirishwa zamani. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja baadaye kuwa askofu, alichapisha London kitabu chake cha Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Mwaka 1901 Andrew Lang aliitoa humo hadithi ya paa akaitia katika The Violet Fairy Book, kwa Kiingereza peke yake. Mwaka huohuo George Bateman akatoa Chicago kitabu cha Zanzibar Tales, hadithi kumi, nazo Kiingereza kitupu. Lang akarudi tena mwaka 1910 kuichukua ya kima na papa. Wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kulaumiwa. Ilichofanya kompyuta ni kinyume chake: imezirudisha. Vitabu vyote hivyo vimo katika intaneti, haki zake za kunakili zimekwisha muda, na mtoto wa Ng'ambo au wa Wete aweza kuvifungua bila ya kununua kitabu.

Aibu ni namna zilivyorudi. Bateman, ili mtoto wa Kimarekani apate kutamka, aliandika Haamdaanee na Mkaaah Jeechonee. Mfasiri yeyote ataelewa kwa nini alifanya hivyo. Hata hivyo matokeo yake yanachekesha na kuliza. Mtoto wa Zanzibar akiandika "Mkaa Jichoni" kama alivyofunzwa na bibi yake, mashine humpitisha mbali na Mkaaah Jeechonee, maana haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Akibahatika kumkuta, humdhania mgeni. Ukurasa wa Kiswahili wa Steere, ambao ndio asili, mara nyingi umebaki picha ya karatasi kuukuu ambayo skuli haimwelekezi mtoto kuifungua.

Na skuli humwelekeza wapi? Kwenye maswali yaleyale: taja wahusika wakuu, eleza mafunzo matatu. Paa hukatwa vipande vitatu vya mafunzo kisha hupigiwa alama. Kompyuta ikiwepo, huwekwa katika somo la kompyuta, ikafunikwa kitambaa, kana kwamba haina udugu wowote na hadithi.

Hebu itazamwe hadithi hiyo ya paa. Maskini mmoja, ambaye Bateman amwita Hamdani, anachakura jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, na bwana huyo wa jaani anageuka kuitwa Sultani Darai. Yeyote aliyemsoma Charles Perrault wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1697, atashituka: huyu ni yule paka aliyevaa viatu, na maskini wake aliyebandikwa jina la ukabaila. Basi mwanafunzi na afungue madirisha mawili katika kioo kimoja asome hadi mwisho. Paka wa Ufaransa anakuwa bwana mkubwa, panya anawawinda kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua. Bwana wake, aliyemfikisha katika jumba la dhahabu, anaamuru apewe uji wa mtama. Anakufa, na maiti yake inatupwa kisimani. Kisha tajiri yule anaota yuko jaani akichakura, na anapoamka yuko jaani kweli. Kisa ni kimoja, lakini hukumu ni mbili. Huko ndiko kusoma fasihi, na mtoto wa miaka kumi na miwili analiweza bila ya kuambiwa ataje mafunzo matatu.

Ya kima ni tamu zaidi kwa watu wa pwani. Katika Panchatantra ya Kihindi anayeutaka moyo wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Waarabu ni kasa. Ilipofika Unguja akawa papa. Ni nani aliyembadilisha, nahodha au mama mlezi? Mjadala wa darasa zima umo katika samaki huyo mmoja.

Barua pepe inaingia hapa. Koo nyingi za visiwa hivi zina matawi Maskati, Dubai, London na Toronto, na kila tawi liliondoka na hadithi zake. Mtoto aliyeandika katika daftari namna bibi yake wa Makunduchi anavyomsimulia paa, akaichapa na kuipeleka kwa binamu yake wa Maskati, akamtaka naye amuulize bibi yake, huyo amekwisha kuwa mtafiti. Watasema leo kuna simu, na ujumbe wa simu ni mwepesi zaidi. Ni mwepesi mno. Hupita mikono ishirini usijulikane ulianzia wapi, na baada ya wiki hauonekani. Barua pepe ina jina la mwandishi, ina tarehe, ina nafasi ya kumaliza sentensi. Baada ya miaka mitano mwalimu anaweza kuifungua na kuilinganisha na nyingine.

Pingamizi la gharama halidharauliki. Nyumba nyingi hazina kompyuta, na umeme una historia yake: Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mwaka 2008, kisha miezi mitatu tangu Disemba 2009. Lakini kazi hii haidai kompyuta kila nyumba. Yadai moja mtaani, iliyo wazi Jumamosi, na madaftari ya kuanzia. Linalokosekana ni mwalimu anayethubutu kumwacha mwanafunzi alete hadithi ambayo mwalimu mwenyewe hana majibu yake nyuma ya kitabu.

Kwa hilo haihitajiki kamati, wala semina ya siku tatu yenye posho. Aanze na Hamdani. Jina liandikwe kwa herufi zake sahihi, na barua moja ipelekwe Maskati yenye swali moja: katika nyumba yenu, baada ya paa kutupwa kisimani, ni nani aliyekwenda kumtoa na kumzika?