Hekalu Jeupe Tusilolijua

Sisi wakazi wa Mkomani huvuka daraja la Nyali kila kukicha kwenda kisiwani kutafuta riziki, na wengi wetu hupita Barabara ya Langoni tukaliona hekalu la Wajaini tusijue ni la nani. Husema tu "hekalu la Wahindi", kana kwamba Wahindi wote wana dini moja.

Nililizuru hivi karibuni. Mlangoni nilivua viatu na mshipi, kwani ngozi ya mnyama haiingizwi ndani. Hekalu hilo la mwaka 1963 ni la marumaru nyeupe yenye nakshi tele. Wenyewe, ambao wahenga wao walitoka Gujarat, hawaamini kwamba ulimwengu una muumba. Huwatukuza walimu 24, wa mwisho akiwa Mahavira, na huepuka kudhuru kiumbe chochote. Walioshika sana dini hawali hata vitunguu wala viazi, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea na vidudu vya udongoni. (Mimi mpenda viazi karai nilinyamaza.)

Watoto wetu hupelekwa Fort Jesus, na ni vyema. Lakini ngome ile ni kuta za watu walioondoka. Hekalu ni la majirani walio hai. Shule ziombe ruhusa ziwapeleke. Atakayesema huko ni kuwapotosha, simwafiki: mtoto aliyefunzwa dini yake barabara hatikisiki kwa kuiona ya jirani. Na nauli ya matatu kutoka Mkomani hadi mjini si ya kutuzuia.