Bro Asipomatch, Broka Huona Mwanya

Wasee wa Kayole na Dandora, hii story ya figo si ya Eldoret pekee. Aprili 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha upandikizaji wa figo Mediheal baada ya wanahabari kuanika madai kuwa vijana wanauziwa ndoto ya doo ya haraka.

Shida huanzia kwa damu. Kwa kawaida, mgonjwa wa grupu O hupokea figo ya O tu. Halafu kuna tishu: ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kwa nne ya kufanana kabisa. Familia ikikosa, kuna nchi wagonjwa hubadilishana wafadhili. Bila hiyo njia, broka husaka msee hana job.

Doo ya rent huisha mwezi huo huo. Figo hairudi.