Somo la Ardhi Lisiishie Mlimani

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hatuna budi kuukumbuka usemi huo kila tunapozungumzia somo la sheria ya ardhi linalofundishwa katika vyuo vikuu vyetu, kwa kuwa mwenye kulihitaji zaidi somo hilo hayumo darasani. Yuko Rhotia na Mang'ola akilima. Yuko Endulen na Nainokanoka akichunga.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilijijengea sifa ya kufundisha kwamba sheria haisomwi kwa kukariri vifungu tu, bali kwa kuuliza imetoka wapi na inamnufaisha nani. Profesa Issa Shivji, aliyefundisha hapo tangu mwaka 1970 hadi 2006, alilitoa swali hilo nje ya darasa. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuongoza Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi. Tume ilizunguka mikoa ya Bara, ikawasikiliza wananchi, na mwaka 1992 ikapendekeza kwamba milki ya msingi ya ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote.

Anayetaka kuona uzito wa swali hilo na asimame kwenye Lango la Lodoare. Upande wa Karatu, mkulima anaishi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Haki yake ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya mjini; mkutano mkuu wa kijiji una kauli katika ugawaji wa ardhi; na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Upande wa pili, mfugaji yumo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1959, enzi za ukoloni, Wamaasai walipoondolewa Serengeti. Humo kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Majirani hawa wawili wanaingoja mvua moja, lakini haki zao si moja.

Tangu Juni 2022, familia kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema kuhama huko ni kwa hiari. Wapo wakazi wanaosema wamebanwa. Sisi tunasema hivi: hiari ya kweli inahitaji mtu aijue kwanza haki yake. Asiyeijua hawezi kukubali wala kukataa. Atafuata tu sauti iliyo kubwa zaidi.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, mihadhara ya sheria vyuoni ingali ikitolewa kwa Kiingereza. Mwanasheria kijana akifika kijijini hushindwa kumweleza mzee tofauti ya ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi, ilhali mtihani wa jambo hilo hilo aliufaulu.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa sheria ya ardhi, awe wa Mlimani, Mzumbe au Makumira, apangiwe muda wa kukaa kijijini kabla ya kuhitimu, aifafanue sheria mbele ya mkutano mkuu na baraza la ardhi kwa Kiswahili, na kwa msaada wa wakalimani wa Kiiraqw na Kimaasai pale inapolazimu. Naye asikilize, maana mengi hayamo vitabuni.

Vyuo hivi vinaendeshwa kwa jasho la wakulima na wafugaji. Ni haki yao kurudishiwa elimu hiyo, na ni wajibu wa wasomi kuwapelekea.