Injini iliyofichika ndani ya kimelea cha malaria

Katika safu ya wiki hii tutazame jambo dogo mno kwa umbo, lakini lenye kugusa kila nyumba yenye mtoto, kuanzia Bukoba mjini hadi vijiji vya Muleba: ni nguvu gani inayokiendesha kimelea cha malaria kinapoingia mwilini?

Kimelea hakina miguu wala mbawa. Kile kinachotoka katika mate ya mbu kina urefu wa takribani sehemu moja ya mia ya milimita, nacho hupenya ngozini hadi kwenye mshipa wa damu, kisha kikafika katika ini. Baada ya kuzaliana humo, vimelea vingi vidogo zaidi humwagika katika damu, na kila kimoja hutafuta chembe nyekundu ya kuingia. Kazi ya kuingia humalizika kabla ya dakika moja kupita. Aina ya falsiparamu, iliyo kali kuliko nyingine, huzaliana ndani ya chembe hiyo na kuipasua baada ya saa 48 hivi, na watoto wake huanza msako upya. Hapo ndipo homa hupanda.

Mwendo huo wote unategemea protini iitwayo mayosini A. Hii ni protini ya mwendo, jamaa ya mayosini iliyomo katika misuli yetu, ile inayotuwezesha kuinua jembe na kuufanya moyo upige. Ina kichwa chenye sehemu mbili za kazi: moja huchoma ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, na nyingine hushika uzi wa protini uitwao aktini. Nyuma ya kichwa ipo shingo inayopinda kama mkono wa mvutaji. Mayosini ya misuli yetu ina vichwa viwili na mkia mrefu. Ya kimelea ina kichwa kimoja, haina mkia, nayo imefungwa chini ya ngozi ya kimelea.

Mfikirie mvuvi wa Kemondo aliyeketi ndani ya mtumbwi huku kamba yake imefungwa kwenye mti ufukweni. Kila anapoivuta kamba kuelekea kwake, mti hausogei. Mtumbwi ndio unaosogea. Kamba ni aktini, mti ni chembe ya damu iliyonaswa kwa kulabu za kimelea, na mikono ya mvuvi ni mayosini. Hivyo ndivyo kimelea kinavyojivuta hadi kikaingia.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Curie, Paris, pamoja na wenzao, walichapisha umbo la mayosini hiyo baada ya kuigandisha kuwa fuwele na kuipiga kwa miale ya eksirei. Waligundua kwamba mwanzoni mwake ina kipande cha ziada kisichopatikana katika mayosini yetu. Kikibandikwa fosfeti, injini huenda kasi. Kikikosa fosfeti, mwendo hupungua na nguvu ya kuvuta huongezeka. Aidha, vimelea vilivyonyimwa protini hiyo maabara vilishindwa kuingia katika chembe za damu. Mwaka 2023 ikaonyeshwa jinsi kemikali iitwayo KNX-002 inavyojipachika ndani ya kichwa hicho na kuisimamisha injini. Bado si dawa ya kunywa, lakini mlango umeonekana.

Kwa nini mlango huo utuhusu sisi wa Kagera? Kwa sababu silaha tuliyo nayo imeanza kujaribiwa. Dawa mseto ya ALu ina viambato viwili, kimoja kikiwa cha jamii ya artemisinini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H, linalovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini, vilipatikana Karagwe, jirani zetu. Badiliko hilohilo lilikwisha kuonekana Rwanda. ALu bado inaponya, maana kiambato cha pili kinaendelea kufanya kazi. Lakini kikielemewa nacho, tutabaki na nini wakati injini mpya za tiba zingali maabara?

Kwa hiyo tusiidhoofishe silaha hii kwa mikono yetu. Katika nyumba nyingi mtoto hupewa vidonge vya siku ya kwanza, homa ikishuka na akaanza kucheza, vilivyobaki huwekwa kabatini kwa ajili ya mgonjwa mwingine. ALu ni dozi sita kwa siku tatu, na huliwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Homa ipimwe kwanza, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Na chandarua kisidharauliwe: ni huku kwetu Muleba ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulithibitisha kwamba vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja kinga ya mbu dhidi ya dawa, huwalinda watoto kuliko vya kawaida.

Kimelea ambacho hakikuletwa na mbu hakihitaji kusimamishwa injini. Akina baba na akina mama, usiku wa leo tukague chandarua cha watoto kabla ya kuzima taa, na tufungue kabati tuone kama kuna dozi iliyokatishwa.