Mara ya Mwisho Alikuwa Mzima Saa Ngapi?

Mpenzi msomaji, mwezi huu maua na mishumaa tuviweke kando. Mnakunywa chai, ghafla mdomo wa mwenzio umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Hapa kwetu Songea, bodaboda haijafika na kikao cha ukoo kimeshaanza: shangazi anasema karogwa, shemeji anataka apelekwe Dar akapigwe MRI, eti ndiyo ya kisasa.

Jamani, tusikilizane. Kiharusi kina sura mbili: mshipa wa kichwani umeziba, au umepasuka. Kwa macho tu hata daktari hawezi kuwa na uhakika. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kummaliza anayevuja. Ndiyo maana hata aspirini usimpe nyumbani.

Hospitalini kwanza apimwe sukari, maana ikishuka sana huiga kiharusi. Kisha picha. CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, hutumia eksirei, huchukua dakika chache, na damu iliyovuja huonekana upesi. Kwa dharura, hiyo ndiyo huanza sehemu nyingi.

MRI hutumia sumaku kali. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, mgonjwa ametulia tuli, na mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini lazima aseme. Sifa yake ni kuona viharusi vidogo ambavyo CT hukosa, hasa saa za mwanzo na sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa hiyo CT ikitoka safi, usiseme mwenzio anadeka. Muulize daktari: MRI inahitajika?

Dar ni zaidi ya kilomita 900. Dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na si kila hospitali inayo. Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, mkipiga simu njiani kuuliza kama CT inafanya kazi. Safari ya mbali aamue daktari.

Swali atakalouliza ni hili: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Akiamka na dalili, saa huhesabiwa tangu alipolala. Shahidi ni wewe unayelala naye. Mmenuniana? Sawa, nuneni, ila usiku mwema semeni.

Tukutane mwezi ujao, wote wawili wazima.