Nguo za msimu zianzie kabatini, si sokoni

Mvua za masika zikikatika na upepo wa kipupwe ukianza kuvuma, mazungumzo yaleyale hurudi katika nyumba nyingi. Mama anafungua kabati na kuvuta sweta la mtoto. Linatoka likinuka ukungu, na mikono yake imeishia karibu na kiwiko. Anageuka na kusema, "Baba watoto, wanao hawana nguo za baridi." Baba, ambaye kichwani ana hesabu ya ada ya muhula wa pili, analitazama kabati lililojaa hadi mlango haufungi, kisha anauliza, "Na hizo zote ni nini?"

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na ukweli ni kwamba wote wawili wana haki. Kabati limejaa, lakini nguo za kuvaa hazipo. Nyingine zimebana, nyingine zimeachia zipu, nyingine zilishonwa kwa harusi ya siku moja na hazijaguswa tena. Familia inakwenda sokoni kununua nyingine, na zile za zamani zinasubiri siku ya kutupwa.

Zikitupwa zinakwenda wapi?

Mitaa mingi huchoma taka nyuma ya nyumba, na nguo kuukuu huingia humo humo. Lakini nguo si karatasi. Sehemu kubwa ya nguo zinazouzwa leo zina poliesta, yaani nyuzi za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli. Ikichomwa huyeyuka na kutoa moshi mbaya, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaocheza uani. Ikifukiwa, haiozi kama pamba. Hata ikifuliwa hupukutisha vijinyuzi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufuata maji machafu hadi mtoni na baharini.

Pamba nayo ina gharama yake. Inakadiriwa kuwa fulana moja ya pamba hutumia takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi kukamilika. Wakulima wa Simiyu na Shinyanga wanajua jasho lililomo ndani ya gunia moja la pamba. Nguo inayovaliwa mara mbili na kutupwa imepoteza maji hayo na jasho hilo, pamoja na fedha ya aliyeinunua.

Siku moja ya kupanga kabati

Kazi ya kwanza ni kutoa kila kitu nje, ikiwezekana Jumamosi yenye jua, familia nzima ikiwapo. Kila mtoto ajaribu nguo zake, maana mama hukumbuka umbo la mtoto la mwaka jana. Nguo zigawanywe mafungu manne: zinazovaliwa sasa, za msimu ujao, zinazohitaji fundi, na zisizo na mwenyewe.

Za msimu ujao zifuliwe na kukaushwa kabisa kabla ya kukunjwa. Unyevu mdogo uliobaki kwenye pindo unatosha kuleta ukungu, na jasho lililobaki kwapani huacha madoa na kuita wadudu. Majani ya muarobaini yaliyokaushwa kivulini, au punje za karafuu zilizofungwa kwenye kitambaa, husaidia kufukuza wadudu na kuacha harufu nzuri. Ni nafuu kuliko dawa za dukani.

Nguo pia huchakaa kwa namna zinavyofuliwa. Kuloweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga hufifisha rangi, na jiki ikizidi hula nyuzi. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje, zifuliwe kwa maji ya baridi na kuanikwa kivulini. Sweta lisitundikwe kwenye kamba likiwa zito kwa maji, kwani litavutika mabega. Lilazwe juu ya taulo.

Fundi wa mtaani ana kazi

Fungu la tatu ndilo linaloleta nguo nyingi "mpya" kuliko yote. Fundi cherehani wa barazani anaweza kubadili zipu, kushusha pindo, kupunguza kiuno, na kuigeuza kola iliyochakaa ili upande mzima ukae juu. Suruali iliyotoboka magoti huwa kaptula ya kiangazi. Gauni la kitenge lililobana kifuani hukatwa likawa sketi. Shati la baba lililochanika kiwiko hutoa blauzi ya mtoto, na mabaki ya vitenge hushonwa foronya au mkoba wa sokoni unaodumu.

Ni vema kumpelekea fundi nguo kabla ya msimu kuanza. Anayesubiri wiki ya sikukuu atakuta foleni, na bei imepanda. Vilevile watoto wakubwa, wa kike kwa wa kiume, wafundishwe kushona kifungo na kuziba tundu dogo kwa sindano ya mkono. Wahenga walikwishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Somo ambalo bibi analijua

Matumizi haya si mageni. Doti ya khanga imekuwa na maisha marefu siku zote. Ikiwa mpya huvaliwa kwenye shughuli. Rangi ikipungua, huwa ya kushindia nyumbani. Ikilainika hubebea mtoto mgongoni, kisha hukatwa nepi, na mwisho huwa kitambaa cha kushikia sufuria jikoni. Inapofika jalalani haina kazi iliyobaki, na kwa kuwa ni pamba, huoza.

Mtihani mkubwa siku hizi ni sare za shughuli. Harusi moja inaweza kuwa na sare ya kitchen party, ya sendoff na ya siku yenyewe, kila moja na kitambaa chake na fundi wake. Wapo wanaokopa vikoba kulipia kitambaa watakachokivaa saa sita tu. Kukataa ni vigumu, kwani asiyevaa sare huonekana amejitenga na wenzake.

Kamati za shughuli zinaweza kuliondoa tatizo hili mapema. Badala ya kitambaa kimoja, wakubaliane rangi, na kila mmoja avae alichonacho. Kama lazima kitambaa kiwepo, khanga ni chaguo zuri kwa sababu haina saizi na itatumika baadaye. Na anayeshona gauni la sare achague mshono anaoweza kwenda nao ibadani au kazini, si ule unaofaa ukumbini tu.

Mitumba kwa macho mawili

Baada ya kazi hiyo ndipo iandikwe orodha ya kinachokosekana kweli. Mara nyingi huwa fupi: sweta mbili, suruali moja ya shule, viatu vya mdogo. Orodha hiyo ndiyo iende sokoni, iwe Karume jijini Dar es Salaam au mnada wa mtaani.

Kununua mitumba huipa nguo maisha ya pili, lakini bei ndogo isimfanye mtu abebe asichohitaji. Robota likifunguliwa, ndani huwamo nguo nzuri pamoja na zilizochoka, na anayechukua iliyochoka amejibebea taka. Nguo ikaguliwe kwenye mwanga: kwapa, kola, mishono, zipu, na kitambaa kilichosuguana mapajani. Nguo za ndani zisinunuliwe kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za kiafya. Sweta la mtoto liwe kubwa kidogo, mikono ikunjwe mwaka huu na kukunjuliwa mwaka ujao.

Zisizo na mwenyewe

Fungu la mwisho lisirudi kabatini. Kina mama wa mtaa mmoja, wa jumuiya au wa kikoba wanaweza kukutana mara moja kila msimu na kubadilishana nguo za watoto, kwani koti lililombana huyu linamtosha mdogo wa yule. Zinazopelekwa kwa wenye shida au vituo vya watoto ziwe safi na nzima. Nguo ambayo mtoaji angeona haya kumvisha mwanawe si msaada. Za pamba zilizokwisha kabisa ziwe matambara ya kudekia. Zenye poliesta zijaze mito ya kukalia, na zisichomwe uani.

Jioni ya Jumamosi hiyo, mama na baba wale wa mwanzo wanaweza kuketi na orodha yao fupi. Mama anapata sweta za watoto kabla baridi haijakolea. Baba anaona kiasi kilichobaki kwa ajili ya ada. Na mlango wa kabati, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, unafungika.