Lipa Fundi Aangalie Kwanza, Giaboksi Ingoje

Wasee, haya ni maoni yangu na siyabadilishi: ukikanyaga klachi ikazama mpaka chini, halafu fundi aanze stori za kushusha giaboksi hata boneti hajafungua, chukua funguo zako. Sisemi ni mwizi. Anakisia tu, na anakisia na pesa zako.

Hapa Mbotela, na ukipita Makongeni mpaka Jericho, Corolla za miaka ya 90 bado zinatembea. Sheria hairuhusu kuingiza Kenya gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo ukitaka manuali ya bei ya chini unachukua ile imezeeka na sisi hapa. Kwa wengi wetu ndiyo gari ya kwanza, na kwa wengine ndiyo kazi yenyewe. Ikilala siku tatu, hakuna kitu inaingia siku tatu. Ndiyo maana hii story si ya mafundi peke yao.

Kuna magonjwa mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni klachi pleti kuisha: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini gari haivuti, hasa kwa mlima, na kuna harufu ya kuungua. La pili ni gia kukataa kuingia. Rivasi inasaga, pedali ni laini kama sponji, lakini ukiipampu mara tatu nne haraka, gia inaingia. Hilo la pili, mara nyingi, ni presha ya mafuta imepotea. Pleti inaweza kuwa mzima kabisa.

Kwa Corolla hizo, pedali inasukuma masta silinda ya juu. Hiyo inasukuma mafuta ya breki kupitia paipu nyembamba mpaka silinda ya chini, iliyofungwa nje ya giaboksi. Ya chini ndiyo inasukuma klachi iachie. Ndani ya kila moja kuna raba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakikaa miaka bila kubadilishwa yanaleta kutu ndani ya silinda. Kutu inakwaruza raba, mafuta yanavuja, na hapo ndipo pedali inazama.

Kuangalia ni dakika chache. Kwanza, je, mafuta kwenye kikopo cha klachi yamepungua? Pili, papasa ndani ya gari pale fimbo ya pedali inapoingilia ukutani. Pakiwa na unyevu, ya juu inavuja. Tatu, inua kile kifuniko cha raba cha silinda ya chini. Kikitoa mafuta, umeshapata mgonjwa. Na kama kote ni kukavu, kikopo kimejaa, lakini pedali bado inazama ukiishikilia, shuku ya juu: mafuta yanapita ndani kwa ndani bila kumwagika. Hakuna giaboksi imeguswa hapo.

Sasa tubishane kidogo. Wengi wanapenda kubadilisha raba peke yake kwa sababu ni bei ya chini. Nakubali, lakini kwa sharti moja: silinda ifunguliwe ukiwa hapo, isafishwe, upitishe kidole ndani. Ikiwa laini kama glasi, weka raba. Ikiwa na vishimo au mikwaruzo, raba mpya zitakatwa kama za zamani na utarudi hapo hapo. Nunua silinda mzima. Na kama pesa inatosha, badilisha ya juu na ya chini pamoja. Zimezeeka pamoja, na ukiweka moja yenye nguvu, ile dhaifu inaweza kufuata.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta speya, beba ile ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya bolti, upande paipu inaingilia, na upana wa ndani. Jina la gari peke yake halitoshi. Mafuta yawe yale yameandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa mpya. Mtu akitaka kukuwekea mafuta ya injini, mkatalie: yanafura raba zote. Baada ya kufunga, hewa itolewe vizuri: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua ile nati ndogo na kuifunga kabla mguu haujainuka, mpaka mapovu yaishe. Na pedali ibaki na mchezo kidogo juu. Fimbo ikikaza sana, presha haitoki yote, na hapo sasa utachoma pleti kweli.

Si kila gari iko hivi. Nissan Sunny nyingi za zamani hutumia waya, hazina silinda za klachi. Na kuna gari za Ulaya ambazo silinda ya chini imekaa ndani ya giaboksi. Hapo kushusha ni lazima, na fundi akikwambia hivyo anasema ukweli.

Lakini lawama isiwe ya fundi peke yake. Sisi hulipa mikono, hatulipi macho. Fundi akilala chini ya gari, aangalie nusu saa, akwambie shida ni raba ndogo, tunamwambia "asante boss" na kutoka. Akishusha giaboksi tunatoa pesa bila kuuliza. Hapo tunamfundisha nini? Kwamba kufikiri hakuna malipo, kubeba chuma ndiko kuna malipo.

So pendekezo langu ni hili. Kabla spana ishikwe, kubalianeni bei ya kuangalia tu. Mwambie: "Boss, hii ni yako hata kama shida ni ndogo. Nionyeshe mahali panavuja." Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu hatimaye mtu amelipia akili yake. Mwenye atakasirika, manze, amekuonyesha mapema mahali pa kutoacha gari yako.